Mkono wa Mama Mwenye Kola Nyeupe

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama naye anakuamkia, ingawa amenuna kidogo. Anasema simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Goti lake linaendelea vizuri na sasa anapanda ngazi bila kumlaumu mtu. Mwanangu ameng'oka jino la mbele, na akicheka anafanana na wewe kwenye ile picha mliyopigwa mkiwa wadogo. Jikoni kwangu bomba linavuja ndani ya ukuta, na mwenye nyumba ni mtu asiyeamini neno mpaka aone picha iliyochapishwa kwenye karatasi. Kwa hiyo sisi wote wazima, ila ukuta.

Sasa la kazi. Hapa kwenye nyumba ya mnada imeletwa picha ya rangi ya mafuta, ya zamani sana: mama mmoja ameketi, amevaa gauni jeusi lenye kola nyeupe. Walioileta ni ndugu waliorithi nyumba na wanataka kugawana vilivyomo. Chini, upande wa kulia, kuna sahihi ya Mzee wa Vivuli. Huna haja ya kuelezwa maana yake. Picha yake ya mwisho kuuzwa hapa, watu walisimama hadi kwenye ngazi.

Mnada ni mwishoni mwa Juni, na mimi ndiye niliyepewa kuikagua, kuandika hali yake, na kutia sahihi kwamba ni kazi ya Mzee au si yake. Bado niko kwenye majaribio, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza yenye uzito. Mkurugenzi aliposikia mimi ni nani kwako alisimama kabisa. "Jicho ni mjomba wako? Ulikuwa unangoja nini kusema?"

Kinachonisumbua ni mkono. Wa kulia umelala juu ya paja, na kila kiungo cha kidole kinaonekana. Wa kushoto umefifia, unaishia kwenye giza kama moshi. Ama ulisuguliwa na msafishaji mbovu, ama ulichorwa na mtu mwingine. Naambatanisha picha nilizopiga. Zitazame uniambie.

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Kikohozi kilichokuwa kimehamia kwangu kimeondoka bila kuaga. Jirani yangu, yule muuguzi mstaafu, bado anakuja jioni kunywa chai na kunisema. Mwambie mama yako simu yangu haina adabu, lakini mimi sina kinyongo na mtu. Na huyo aliyeng'oka jino mwambie afurahie, maana mengine yaking'oka baadaye hayarudi.

Picha zako zimefika. Nimeziweka kando, usikasirike. Picha ya picha ni kama harufu ya chakula cha jirani: inakujulisha kuna kitu jikoni, lakini haikushibishi. Mwanga wa kamera umeshaamua nini kionekane kabla wewe hujaamua. Nataka uniandikie kwa maneno. Mtu akilazimika kusema alichokiona, hugundua ni kiasi gani hakukiona.

Anza nyuma. Geuza picha, tazama mgongo wake. Mbao ni za zamani au zimebadilishwa? Misumari imeliwa na kutu, na je, kuna matundu ya misumari mingine iliyotangulia? Kitambaa kimetiwa kiraka? Watu hupamba mbele. Nyuma hawajali, kwa hiyo nyuma ndiko kunakosema kweli.

Kisha ingia chumba cha giza na ile taa ya zambarau. Vanishi ya zamani itang'aa kijani kijani kama maji ya bwawa, na kila mahali palipoguswa na brashi ya baadaye pataonekana peusi. Hapo utaujua mkono wako kama uliguswa. Kama ulisuguliwa, nyuzi za kitambaa zitakuwa zimechomoza kwenye rangi, kama mifupa ya mgonjwa.

Mwisho, chukua kioo cha kukuzia, kaa na sahihi. Rangi ya mafuta huzeeka ikapasuka nyufa nyembamba. Kama jina liliandikwa picha ikiwa mpya, nyufa zitalikata jina lenyewe. Kama liliandikwa baada ya picha kuzeeka, rangi ya jina itakuwa imetumbukia ndani ya nyufa kama maji kwenye mfereji. Fanya polepole. Huyo mama amengoja muda mrefu, hatachoka leo.

Mjomba

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima. Mama amekubali kwamba simu haina adabu, lakini anasema mwenye simu ndiye aliyeilea. Bomba bado linavuja.

Nimefanya ulivyosema. Mbao ni zile za mwanzo, misumari imeoza mahali pake, hakuna matundu mengine. Kiraka kimoja kidogo nyuma ya bega, kazi safi. Chini ya taa vanishi ilikuwa na rangi ya bwawa kama ulivyosema, na peusi palikuwa begani tu. Mkono ulikuwa safi, Mjomba. Haujaguswa, haukusuguliwa, nyuzi hazijachomoza. Aliyeuchora aliuacha hivyo kwa hiari yake.

Na sahihi imetumbukia ndani ya nyufa.

Nilimwonyesha Mkurugenzi kwenye kioo. Alitazama, akafuta miwani, akatazama tena. Akasema nyufa nazo zina mambo mengi, tusikilize kwanza Jicho anasemaje. Ndugu waliorithi wanapiga simu kila mara kuuliza, na tayari wameanza kununiana kwa fedha ambazo hazijapatikana.

Mjomba, njoo uione. Nimezungumza na mama, tutakutumia tiketi ya treni, utalala chumba cha mbele, na asubuhi nitakupeleka mwenyewe kazini. Ukisimama mbele yake dakika chache, haya yote yamekwisha.

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua imekuwa nyingi na posta iko mbali. Jirani yangu anasema nimenenepa, naye hasifu mtu hovyo. Nimefurahi kusikia habari za goti.

Umefanya kazi nzuri. Ule mgongo umeueleza hata nikasikia harufu yake. Sasa usikimbilie kumhukumu mtu kwa ajili ya sahihi. Zamani mwenye picha akiona jina limefifia aliweza kumwita fundi alipitie upya, bila nia mbaya, kama mtu anavyopaka rangi namba ya mlango wake. Pia wapo waliotia jina la mkubwa juu ya kazi ya mdogo ili ipate bei. Sahihi iliyochelewa inakuambia kwamba mtu alikuja baadaye. Haikuambii alikuja kusema kweli au uongo.

Kwa hiyo iache sahihi. Uliza mkono. Mzee wa Vivuli nimesafisha picha zake kadhaa. Alikuwa akianza na kivuli kisha anatoa mkono ndani yake, kama mtu anayetoa kitu mfukoni. Hata mkono uliokuwa gizani aliumaliza kwanza, ndipo akaufunika. Ukiutazama kwa subira vidole vyote vilikuwepo. Tafuta vidole. Kama vipo chini ya giza, ni yeye. Kama havipo, kuna mtu mwingine, na huyo lazima alikuwa na sababu. Mchoraji anayejua kuchora mkono wa kulia namna hiyo hashindwi na wa kushoto kwa kutojua.

Nisalimie wote.

Mjomba

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako tumeisoma kwa zamu. Mistari miwili ya mwisho uliipiga taipu juu ya mingine, ikabidi niishike dirishani kuisoma. Mama amesema ununue utepe mpya wa mashine. Pia amesema, na hapa namnukuu, "Amejibu yote isipokuwa tiketi." Mimi sisemi kitu.

Nimetafuta vidole mpaka macho yakaniuma. Kuna siku naviona, kuna siku sivioni. Mkurugenzi anapita mezani kwangu asubuhi na jioni. Kitabu cha mnada kinakwenda kuchapishwa na anataka neno moja tu. Mwenzangu wa dawati la jirani anasema sura ya Mkurugenzi akiwa mbele ya picha hiyo ni sura ya mtu aliyekwisha kuiuza.

Kwa kuwa huji, nimepiga picha ya mkono peke yake, kubwa, kwa mwanga wa ubavuni. Imo ndani ya bahasha hii. Najua hupendi picha za picha. Itazame mara moja tu kwa ajili yangu. Ukisema ni yeye, nitasema ni yeye.

Mpwa wako

16 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa salama.

Picha ya mkono nimeipata na nimeitazama kwa makini. Umeipiga vizuri, huo mwanga wa ubavuni umesaidia. Kivuli kinaanza kwenye kifundo, kinashuka polepole, na vidole vimo ndani yake, vimelala. Ni namna yake hasa. Naamini ni kazi ya Mzee.

Usiwe na wasiwasi. Pumzika.

Mjomba

24 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Jana mwenye nyumba wangu alinipigia simu. Kwanza alikohoa, kisha akaniuliza kwa upole sana, "Sasa mwanangu, huyu mama aliyenyoosha mkono ndiye anayevuja, au vipi?"

Nilichanganya picha nilipozitia kwenye bahasha. Yeye alipata picha ya mkono. Wewe nilikutumia ukuta wa jikoni: bomba, doa la maji na ndoo ya bluu.

Nimekaa na barua yako tangu jana. Mwanzoni nilicheka, kisha nikasoma tena pale uliposema vidole vimelala. Nikakumbuka mistari iliyopigwa juu ya mingine. Nikakumbuka tiketi, na simu, na ile ya "uniandikie kwa maneno," ambayo mimi nilidhani ni mafunzo. Mama sijamwambia kitu.

Nina jambo nami sikukuambia. Ile barua yako ya tarehe kumi na sita nilimpa Mkurugenzi siku ileile ilipofika, na ameandika kwenye kitabu cha mnada kwamba picha imethibitishwa na wewe. Jina lako limo, kwa herufi nene. Kitabu hakijachapishwa bado, ila kiko njiani.

Sikuulizi kwa hasira, Mjomba. Unaona kiasi gani?

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba.

Naona dirisha liko wapi. Naona mtu akipita mbele yake, lakini simjui ni nani mpaka aseme. Jirani yangu ndiye anayenisomea barua zako, na taipu napiga kwa vidole kwa kuwa nilijifunza nikiwa kijana, vidole havijasahau. Alipofungua bahasha yako nilimkataza kunieleza kilichomo kwenye picha. Nilisema nitaiona mwenyewe. Alikunywa chai yake, na ninajua sasa kwa nini alicheka mlangoni.

Madaktari walinieleza mapema. Hakukuwa na la kufanya. Sikumwambia mama yako kwa sababu angekuja kunichukua, na kwenu ningekuwa mzee wa chumba cha mbele. Wewe sikukuambia kwa sababu nyingine. Watu wakijua mtu haoni, huacha kumuuliza habari za picha. Humuuliza habari za afya. Barua yako ya Februari ilikuwa ya kwanza kwa muda mrefu iliyoniuliza picha. Nikawa na ubahili nayo. Mpaka hapo nilikufundisha kwa haki, maana yale ninayajua. Uliposema ukisikia neno langu utalisema, ndipo nilipopaswa kunyamaza, nami nikasema. Nilikuchorea mkono ninaoukumbuka.

Toa jina langu kwenye kitabu hicho. Mwambie Mkurugenzi lolote upendalo.

Halafu nifanyie jambo moja. Tangu Februari umenieleza misumari yake, vanishi yake, nyufa zake na kiraka chake. Nimekaa na huyo mama miezi yote hii na sijui ni mtu wa namna gani. Acha taa, acha kioo cha kukuzia. Chukua kiti ukae mbele yake kama mgeni aliyekuja kumtembelea, kisha uniandikie. Ana umri gani? Amechoka? Anamtazama nani?

Mjomba

12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kwanza, mwenye nyumba ametuma fundi. Anasema yule mama alimtazama vibaya akaona aibu.

Nilikaa kama ulivyosema. Si msichana. Ana mistari miwili katikati ya nyusi, kama mtu anayefanya hesabu kichwani. Mdomo umefungwa lakini haukukazwa. Kola yake ni safi kuliko vyote alivyovaa. Mtu aliyeivaa kwa ajili ya siku hiyo. Hajachoka. Ana shughuli. Hilo ndilo neno lililokuja, nikalishangaa, maana mtu anayechorwa hana shughuli yoyote, kazi yake ni kukaa.

Uliuliza anamtazama nani. Nikadhani nitakujibu kwamba ananitazama mimi. Lakini hanitazami. Macho yake yananifikia yakasimama usoni kwangu, yakapima, kama hayajali kwamba na mimi ninatazama. Wanaochorwa hutaka kupendeza, au hutaka iishe. Yeye hataki lolote kutoka kwa mtu. Nilikwenda kunawa mikono, nikainua uso kwenye kioo cha juu ya sinki kuweka nywele sawa, na sura ile ilikuwa pale, juu ya shingo yangu.

Nilirudi mbio, mwenzangu akadhani kuna moto. Mjomba, vifungo vya gauni lake vimekaa upande wa mashati ya wanaume. Kwenye kioo upande hugeuka. Na ule mkono tunaouita wa kushoto ni wake wa kulia. Hakuumaliza kwa sababu haukutulia hata mara moja: ndio ulioshika brashi. Ulisema kama vidole havipo, kuna mtu mwingine, na ana sababu. Mtu mwingine ni huyo mama mwenyewe. Amejichora. Jina la Mzee aliliweka mwingine, wakati mama huyo hayupo tena kumkatalia.

Nimeandika hivyo kwenye taarifa: picha aliyojichora mwanamke, jina lake halijulikani, sahihi iliongezwa baadaye. Mkurugenzi aliisoma akaiweka mezani kifudifudi. Alisema picha ya mtu asiye na jina haijazi ngazi, na ndugu waliorithi watatung'oa masikio. Nilipomwambia jina lako litoke aliniuliza sababu. Sikumwambia, Mjomba. Hiyo si yangu kuitoa. Basi akasema kama sina sababu, Jicho ameshasema, na kwamba yeye Mkurugenzi atakuandikia ili uthibitishe. Ukithibitisha, picha inakwenda kama anavyotaka. Mimi nimemwambia kwamba taarifa hiyo sitaitia sahihi. Alinikumbusha kwamba niko kwenye majaribio. Nilikuwa nakumbuka.

Sikuandikii ili ufanye lolote. Nimekuandikia kwa sababu uliuliza ni mtu wa namna gani, na nimefurahi kuwa naweza kukujibu.

Mpwa wako

1 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama amelia, kisha amekasirika, kisha amefua mapazia ya chumba cha mbele ingawa nimemwambia huji kuhamia. Anasema alipopokea simu na kusikia sauti yako alidhani mtu amekosea namba. Atakuja kwako yeye, Jumamosi, na goti lake. Jiandae kusemwa na watu wawili.

Mnada umepita. Aliuzwa kwa maelezo niliyoyaandika, neno kwa neno. Ngazi hazikujaa. Waliomgombea walikuwa wawili tu, polepole, na ndugu walipata cha kugawana, ingawa si kile walichokwisha kununiana kwa ajili yake. Aliyemnunua alisimama mbele yake muda mrefu kabla ya kuja kwenye meza ya malipo, akaniuliza kama ni kweli kwamba hakuna ajuaye jina lake. Nikasema hakuna.

Lakini nilitaka kukuandikia siku barua yako ilipofika kwa Mkurugenzi. Tulikuwa wengi chumbani, kitabu kinangoja kwenda kwa wachapaji. Aliifungua akiwa amesimama, na uso wa mtu aliyekwisha kushinda, akaanza kuisoma kwa sauti ili tusikie sote: "Mheshimiwa, mimi ni kipofu. Picha hiyo sijaiona, na nililosema juu yake lilikuwa la uongo. Aliyeiona yuko hapo kwenu."

Aliisoma tena kimya kimya, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akavuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza yangu, akasema kwa sauti ndogo:

"Haya. Wewe umeona nini?"

Mpwa wako